Kwa nini wimbo huharibika kabla ya picha kwenye kanda zako za zamani za video

Malalamiko ya wateja wanaotuletea kanda za picha za Kihindi tuzisafishe na kuzihamishia kwenye faili huwa ni yaleyale. Picha inaonekana, steringi anaonekana, ngumi zinasikika, lakini wimbo ukianza tu sauti inafifia, inayumba kama redio iliyoishiwa betri, au inazimika sekunde mbili tatu halafu inarudi. Deki ndiyo inayolaumiwa. Kuna siku deki ina makosa kweli, ila kwa kanda ya miaka ya 80 iliyokaa Dar muda wote huo, mara nyingi ugonjwa uko kwenye utepe wenyewe, na unajulikana ulipoanzia.

Utepe wa kanda hizo, za aina ya VHS, una upana wa milimita 12.7. Picha imeandikwa kwa mistari ya mshazari inayojaza karibu upana wote huo. Sauti ya kawaida imepewa njia yake peke yake, nyembamba, milimita 1 tu, kwenye ukingo kabisa wa juu. Ukingo wa chini una alama zinazoiongoza deki iende mwendo gani. Kwa hiyo chochote kinachokula ukingo wa juu kinakula wimbo kwanza. Ukungu huanzia ukingoni, kwa sababu utepe umeviringwa umebana na hewa yenye unyevu inagusa kingo tu. Kanda iliyolazwa chali miaka mingi, utepe hushuka ukalalia ukingo wake. Deki yenye nguzo iliyopinda nayo hukunja hapohapo.

Halafu kuna mkono wa mwenye kanda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, hivyo aliyekuwa na seti nyumbani mara nyingi alikuwa nayo kwa ajili ya video. Kanda moja ilizunguka nyumba kwa nyumba, ikapita na kwenye mabanda ya video, na kila ilipofika, sehemu iliyorudishwa nyuma mara nne mara tano ilikuwa ya wimbo. Kibaya zaidi ni kusimamisha picha ili watu wamwone vizuri mchezaji: ngoma ya hedi, yaani silinda yenye vichwa vinavyosoma picha, huzunguka mara 1,500 kwa dakika, na utepe ukiwa umesimama inasugua mahali palepale. Ndiyo maana katika kanda ya saa tatu, dakika zilizochakaa kuliko zote ni zile ulizozipenda.

Kabla hujaitia kwenye deki

Ishike kanda kwenye mwanga, uangalie kupitia kidirisha. Utepe mzima ni mweusi unaong'aa, ulioviringwa sawasawa kama sahani. Ukiona weupe kama unga uliopulizwa, au nyuzi kama za buibui, huo ni ukungu. Usiicheze hata kwa dakika moja "kuangalia tu". Ukungu utahamia kwenye hedi, utaziba, na kanda safi utakayotia baadaye itaupata. Kisha bonyeza kitufe kidogo kilicho ubavuni, inua mlango wa mbele na utazame kingo za utepe. Ukingo mzima umenyooka kama rula. Ulioharibika una mawimbi, kama pindo la kanga iliyokaukia kwenye kamba.

Tafadhali usianike kanda juani. Tunajua ndiyo dawa ya kila kitu chenye unyevu hapa mjini, kuanzia godoro mpaka dagaa, lakini joto hupinda ganda na kuvuta utepe, na utepe uliovutika haurudi. Kuifukia kwenye mchele nako hakufai, maana mchele huacha vumbi la wanga, na wanga ni chakula cha ukungu. Kinachofaa ni boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya viatu na mabegi mapya. Kanda zisimame wima kama vitabu, zikiwa zimerudishwa hadi mwanzo. Zisiwe sakafuni, wala juu ya friji, wala karibu na spika kubwa.

Jambo moja wengi hawalitegemei ni kiyoyozi. Kanda ikitoka kwenye chumba cha baridi kwenda kwenye joto la nje, umande unaganda juu ya utepe kama kwenye chupa ya soda. Utepe wenye umande hung'ang'ania ngoma ya hedi na kujiviringisha juu yake. Iache itulie ndani ya boksi lake saa mbili au tatu kwanza.

Tunavyoifungua

Ganda la VHS lina skrubu tano upande wa chini, na bisibisi ndogo ya nyota inatosha. Kama lebo imebandikwa ikavuka maungio ya ganda, inakatwa kwa wembe kwanza. Ganda hugeuzwa lebo ikiwa juu, ndipo nusu ya juu inainuliwa wima, taratibu, kwa sababu ndani kuna breki mbili zenye springi ndogo zinazoruka zisionekane tena. Tunapiga picha njia ya utepe kabla ya kugusa chochote. Kanda yenye ukungu hukaushwa siku kadhaa na silika ndani ya boksi, kisha hupitishwa polepole kwenye kitambaa kisichotoa nyuzi, na mtu amevaa barakoa. E-180, kanda ya dakika 180, ina utepe wa takriban mita 258, kwa hiyo usitegemee kuichukua jioni ileile. Baada ya hapo mihimili iliyoviringwa utepe huhamishiwa kwenye ganda jingine safi, maana lile la mwanzo lina vumbi la ukungu kila kona.

Utepe uliokatika huungwa kwa selotepu maalum ya kuungia utepe, na huungwa mgongoni, upande usiogusa hedi. Selotepu ya dukani ikipata joto la deki hutoa gundi, na kanda nyingi tunazopokea zimeungwa nayo. Ukilazimika kukata kipande kilichokunjika, kumbuka kwamba kwa mwendo wa kawaida kila sentimita 2.3 ni sekunde moja ya filamu. Aliyekata sentimita 20 "ili iwe safi" amekata karibu mstari mzima wa shairi. Na ile sehemu isiyo na rangi mwanzoni na mwishoni mwa utepe usiikate kamwe: mwanga hupenya pale na deki ikajua kuwa kanda imeisha. Bila hiyo, deki huvuta hadi inang'oa utepe kwenye mhimili.

Hedi husafishwa kwa alkoholi ya aisopropili ya asilimia 99 na kijiti chenye ngozi laini. Spiriti ya kuwashia majiko inaacha mabaki, na pamba ya masikio huacha nyuzi zinazonasa kwenye ncha ya hedi. Kijiti unakishikilia kikiwa kimetulia juu ya ngoma, kisha unaizungusha ngoma yenyewe kwa kidole ukiishika kwa juu. Ukisugua kutoka juu kwenda chini, hedi imevunjika.

Kuisikiliza kanda

Hapa ndipo muda wetu mwingi unakwenda. Deki iliyorekodi kanda yako miaka 35 iliyopita haikuwa imekaa sawasawa na deki yetu. Hedi ya sauti ikiinama tofauti kidogo tu, sauti nyembamba hupotea na wimbo husikika kama unatoka chini ya blanketi. Kuna skrubu ndogo pembeni ya hedi hiyo. Tunaweka alama ya rangi mahali ilipo, tunatafuta wimbo wenye mchezo wa miguu, kisha tunaizungusha kidogo kidogo huku tukisikiliza njuga. Njuga za mchezaji ndizo kipimo bora kuliko chochote: zikiwa ni mvumo wa "shhh" hedi haijakaa, na zikianza kusikika moja moja, hapo ndipo penyewe. Kanda ikiisha, skrubu inarudi kwenye alama yake.

Baadhi ya kanda zina sauti ya pili, ya Hi-Fi, iliyoandikwa na hedi zinazozunguka, chini ya picha. Ikiwa nzima ni nzuri mno. Ikiwa imechoka, deki hubadilisha yenyewe huku na huku kati ya sauti hizo mbili, na hapo ndipo unaposikia kuunguruma kwa vipindi. Dawa ni kuichagulia deki sauti ya kawaida kwa mkono, isiyumbeyumbe.

Kelele za chinichini tunapunguza kiasi tu. Sauti ya ukingoni kwenye VHS haivuki sana hezi 10,000, na ukiisafisha kupita kiasi mwimbaji ataimba kutoka ndani ya mtungi. Sisi tunaona afadhali mchakarisho kidogo kuliko hivyo.

Wimbo ule uko juu kidogo

Sinema hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde. Video ya PAL, mfumo uliotumika kwetu, huenda kwa picha 25. Waliohamisha filamu kwenda kwenye kanda za PAL mara nyingi waliiharakisha tu, na tofauti ni kama asilimia 4. Wimbo wa dakika 6 ukawa wa dakika 5 na sekunde 46, na sauti ikapanda karibu robo tatu ya nusu-toni. Macho hayagundui. Anayegundua ni mpiga kinanda: akijaribu kuufuata wimbo kutoka kwenye kanda, noti inaangukia katikati ya vibonyezo viwili, wala huku wala huku. Wanaochukua melodia za Kihindi kwa ajili ya taarabu wanalijua tatizo hili hata kama hawajui chanzo chake.

Tunaweza kurudisha mwendo wa 24, picha na sauti pamoja. Lakini tunauliza kwanza, maana kuna waliokua na kanda hiyo nyumbani, wala hawakuusikia wimbo huo kwenye majumba ya sinema ya Avalon au Empire, na kwao uliorekebishwa ndio unaoonekana mzito na umechelewa. Kanda zilizotoka kwa ndugu wa Marekani au Kanada ni za NTSC, mfumo wa video wa huko, na kwa kawaida hazina kasoro hii. Ukizitia kwenye deki ya PAL pekee, picha inapanda juu bila kukoma na sauti inazama kama ya mtu mwenye usingizi. Kanda si mbovu, inataka deki ya mifumo yote. Herufi T kwenye lebo badala ya E inaashiria kanda iliyotengenezwa kwa soko la NTSC, ingawa si uthibitisho, kwani hata T ilirekodiwa PAL.

Tusichoweza kukurudishia

Filamu nyingi pana zilikatwa pembeni ili zijae kwenye kioo cha zamani. Filamu yenye upana mara 2.35 ya kimo chake ikilazimishwa kwenye kioo cha mara 1.33 inapoteza zaidi ya asilimia 40 ya picha, na kwenye nyimbo za kundi, wachezaji wa pembeni ndio waliokatwa. Hawamo kwenye kanda, na kuvuta picha ijaze televisheni mpya kunanenepesha tu waliobaki. Kanda iliyonakiliwa kutoka kanda iliyonakiliwa nayo ina rangi zinazovuja nje ya mipaka, na hizo tunazipunguza bila kuziondoa.

Si kila kinachoonekana kasoro ni kasoro. Mughal-e-Azam ya 1960 ilitolewa ikiwa sehemu kubwa nyeusi na nyeupe, na rangi zikaja katika sehemu chache tu, hasa kwenye wimbo maarufu wa ukumbi wa vioo. Kanda yako haijapoteza rangi. Ila filamu hiyo ina dakika 197, na hata ikiharakishwa kwa PAL inabaki na 189, kwa hiyo haienei kwenye E-180. Aliyenakili alitumia E-240, au alipunguza mwendo wa utepe, au alikata. Kama unaitaka filamu tu, nunua diski yake halali. Itakuwa bora kuliko chochote tutakachotoa kwenye kanda. Tuletee kanda pale ambapo filamu haipatikani kwingine, kama vile baadhi ya zile za Misri zenye nyimbo, au pale ambapo unayoitaka ni kanda hiyohiyo, pamoja na matangazo ya maduka yaliyokuwa yakipita chini ya picha.

Utakachoondoka nacho

Tunanasa picha 720 kwa 576 bila kubana, kupitia kifaa kiitwacho TBC (si kile kituo cha televisheni) kinachonyoosha mistari inayotetemeka, na mashine zote ziko kwenye UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Faili la kuhifadhi ni kubwa na linataka eksteno, yaani diski ya nje. La kutazama, kwa filamu ya saa tatu, hufika kama GB 6.7. Hapo ndipo wengi hukwama nyumbani: flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa faili wa zamani, haipokei faili linalozidi GB 4, na televisheni nyingi za zamani zinasoma FAT32 tu. Tukijua televisheni yako ni ya aina hiyo, tunaligawa faili mara mbili, na tunagawa palepale kwenye mapumziko, pale sinema ilipowasha taa watu wakatoka kununua karanga.

Tunatoza kwa saa ya utepe uliosomeka, si kwa idadi ya kanda. Hatunakili kwa ajili ya kuuza, na kanda yako inarudi kwako. Usijaribu kuicheza ili kuihakikisha kabla ya kuileta. Na kama umeme ulikatika ikiwa inacheza, ikabaki ndani, usiivute: lete deki nzima.