Barua iliyo ndani ya boksi la kanda

Binti yangu,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi ilikatika kabla sijaiitikia, nadhani salio liliisha, basi naiitikia hapa. Huku hatujambo. Mama yako kifua kimepona, bibi yako bado anauliza kama huko Dar unakula, na mimi niko kibandani kama kawaida. Redio za kutengeneza zimekuwa chache, siku hizi naletewa feni, pasi na sabufa zilizoungua.

Nimeandika kwa kalamu badala ya kukutumia WhatsApp kwa sababu karatasi itakaa humo humo kwenye boksi. Mtu mwingine akilifungua miaka ijayo, akute maelezo pamoja na mzigo.

Kwanza tumalize la singeli, huo muziki wenu wa kasi. Ile kazi yako ulipoituma, mama yako alisikiliza kidogo akauliza kama simu yangu imeharibika. Mimi niliichomeka kwenye spika ya kibandani nikaisikiliza mpaka mwisho. Ngoma ya chini umeipanga vizuri. Kinanda kimezidi ukali, kinachoma masikio, kipunguze. Ila usiniombe radhi tena kwa kupiga singeli, maana sikumbuki kukukataza. Mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika ni mengi kwa magoti yangu, lakini kelele za uswahilini si jambo geni. Kabla ya singeli ulikuwepo mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, ngoma, kipaza sauti kibovu na spika za honi, watu wanakesha. Kundi la Jagwa Music lilianza 1992, na watu wa heshima walikuwa wakifunga madirisha vilevile kama wanavyofunga leo. Sasa singeli ya studio ya Sisso pale Mburahati imetolewa mwaka 2017 na lebo ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na Wazungu wanairukia huko kwao. Wewe ulipokuwa unalala hosteli ya Mabibo mwaka wa kwanza, Mburahati ilikuwa jirani tu. Ningeshangaa kama isingekuingia.

Kilichonikera ni kitu kingine. Uliponitumia na lile faili la vipande ulivyotumia, nikaona umeandika "gitaa la zamani 3". Lile gitaa lina mwenyewe, mama. Nimelijua kabla halijafika hata nusu: ni Mbaraka Mwinshehe, mtu wa Morogoro hii hii. Alikuwa na bendi ya Morogoro Jazz walipoiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 akaunda bendi yake, Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka watu wazima wamesimama barabarani wanasimuliana. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwita namba tatu.

Halafu umekata chemko peke yake. Najua, ndiyo sehemu tamu. Lakini wimbo wa dansi una nusu mbili: ya kwanza ni ya taratibu, inatoa kisa, nani kamwacha nani na kwa nini, ya pili ndiyo chemko, magitaa yanachanganya. Na kwenye chemko solo haipigi peke yake. Kuna gitaa la pili linalomjibu, gitaa la rizimu linawashikia mwendo, besi inatembea chini. Wewe umechukua swali ukatupa jibu, ndiyo maana kipande chako kikijirudia mara nne kinachosha. Rudi ukalisikilize lile gitaa la pili, liko upande wa kushoto, kwa chini. Liache lijibu hata kwa spidi yenu ya singeli, utaona.

Sasa kanda. Ulisema unataka kuziingiza kwenye kompyuta, nyingine uzitumie, nyingine uzihifadhi tu. Nimekubali, na nakutumia zote pamoja na deki ya kuzipigia. Hizo za WAV na MP3 umenifundisha wewe. Haya mengine nisikilize mimi.

Kabla hujaweka kanda yoyote ndani, vunja vile vimeno viwili vya mgongoni. Vikiwepo, siku kidole kikiteleza kwenye kitufe cha kurekodi umefuta sauti ya marehemu, na hakuna duka linalouza nyingine. Kisha itazame kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, unyevu wa chini ya Uluguru hauna huruma. Hiyo usiipige. Iweke kando mpaka likizo tuisafishe pamoja, kwa sababu ukungu wa kanda moja ukishika kwenye hedi, kile kichuma cha deki kinachosoma utepe, unahamia kwa zote zinazofuata.

Zilizo safi zipeleke mbele mpaka mwisho kisha uzirudishe, ndipo upige. Utepe uliokaa muda mrefu hugandana. C60, za dakika 60, hazina matata. C90 utepe wake mwembamba, nenda nazo polepole. Zile C120 usizirudishe kwa mota hata siku moja, zungusha kwa kalamu ya biki. Ukisikia sauti imefifia kama ya mtu aliyejifunika blanketi, angalia kale kasponji kanakobana utepe kwenye hedi; gundi yake hukauka kakadondoka. Nimekuwekea tusponji twa akiba kwenye kibati cha dawa ya viatu. Nimetung'oa kwenye kanda za mahubiri zilizokatika, na hilo bibi yako halimhusu.

Pembeni ya hedi kuna skrubu mbili, moja ina springi. Ya springi ndiyo yako. Kanda ikiwa inapiga, ingiza bisibisi ndogo, ikaze kidogo, ilegeze kidogo, huku unasikiliza matoazi. Yatakapotoka makali na safi, hapo umeipata. Utarudia kwa kila kanda, kwa sababu kila moja ilirekodiwa kwenye redio tofauti na hedi yake ilikaa kivyake. Wanaohamisha kanda kwa pesa mjini wengi hawagusi hiyo skrubu, ndiyo maana kazi zao zinasikika zimezibwa.

Kuhusu spidi, hapa ndipo masomo yako yatafanya kazi. Kaseti hutembea sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini redio za mtaani zilizorekodi hizi zilikuwa na belti zilizolegea, kila moja na mwendo wake. Tafuta mngurumo wa umeme. Redio ikiwa imechomekwa ukutani wakati wa kurekodi, mngurumo wa hezi 50 huingia ndani ya utepe na kukaa humo. Fungua ile programu yako inayoonyesha masafa. Ukikuta mngurumo uko kwenye 53, kanda inakwenda haraka kwa asilimia 6, na gitaa limepanda karibu nusu toni. Ishushe mpaka 50. Lakini deki piga kwa mawe, yaani betri, usiichomeke, maana umeme wa huko Sinza nao utaweka mngurumo wake hapo hapo kwenye 50 ukuchanganye. Zilizorekodiwa kwa mawe hazitakuonyesha kitu. Hizo nipigie, nitakwambia kwa masikio.

Kitu kimoja usinifanyie: usikate sauti ya mtangazaji. Nyingi ya kanda hizi kaka zangu walizirekodi kutoka Redio Tanzania, hii ya TBC Taifa ya leo, kaseti imewekwa mbele ya redio ya babu yako, ndiyo maana utasikia jogoo na mlango. Mtangazaji ndiye anayetaja bendi, na akiwa na nafasi anamtaja mtunzi na mwimbaji. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri, bendi zilikuwa zinakwenda Nairobi, na nyimbo nyingi zilizorekodiwa pale redioni hazikufika kwenye santuri kabisa. Ukimkata mtangazaji umebaki na gitaa la zamani namba nne, tano na sita. Jogoo ukitaka mtoe kwenye nakala yako ya kuchezea, ila ile ya kwanza iache ilivyo.

Na fungua daftari. Kila wimbo: bendi, mtunzi, nani anaimba, nani kapiga nini kama kimetajwa, kanda ipi, upande upi. Mtindo nao uandike, kwa sababu wakati ule bendi ilijulikana kwa mtindo wake: Western Jazz na Saboso, NUTA na Msondo, Super Volcano na Masika, Mlimani Park na Sikinde. Mtu akiimba "Saboso" katikati ya wimbo amekupa cheti cha kuzaliwa cha wimbo huo. Ukifika siku ya kuuza, daftari hilo ndilo utakwenda nalo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Aliyefariki 1979, piga hesabu mwenyewe. Watunzi hawa wameacha familia, na nyingine ziko hapa hapa Morogoro.

Ya shule nayaweka kwa kifupi. UE, mitihani yenu ya mwisho wa muhula, zinakaribia. Boksi hili likifika lifungue, hesabu, lifunge, lisukume uvunguni mpaka mtihani wa mwisho. Sijakupeleka Kijitonyama kusomea uhandisi wa mawasiliano uniletee sup, mtihani wa marudio, ya saketi, na ukiniletea sitaisingizia singeli, nitakuuliza wewe. Boom, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, nalo lina kazi yake. Hata kwa hiyo shilingi 10,000 kwa siku, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hapo spika mpya inatoka wapi? Hedfoni ulizonazo zinatosha.

Kile kirusha matangazo cha FM ulichounda na wenzako nimekiona kwenye picha. Koili umeisokota vizuri kuliko nilivyotarajia. Kizime. Masafa yana wenyewe, na TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wakija hawatauliza kama ni mradi wa darasani au mchezo wa geto.

Boksi atakuletea yule kijana wa jirani anayekuja kesho kwa treni ya SGR. Mfuate stesheni mwenyewe, usimtume mtu, na usije ukaliweka juu ya sabufa ya mwenzako hata kwa dakika, sumaku ya spika haina masihara na utepe. Chini kabisa mama yako ameweka karanga na unga, na bahasha ya nauli iko ndani ya mfuniko wa deki.

Kuna kanda moja nimeifunga solotepu nyekundu. Ilirekodiwa ukumbini, dansi lenyewe, watu wanapiga kelele. Rafiki yangu wa benchi la kahawa anashikilia kwamba ni bendi ya Cuban Marimba, enzi za Juma Kilaza. Mimi nasema Super Volcano, na tumebishana mpaka wauza kahawa wamechoka nasi. Upande B, mwisho wa wimbo wa pili, mwimbaji anamtaja mpiga saksafoni kwa jina, na hapo hapo utepe umekunjamana. Wewe una mashine na una masikio mapya. Ukilinyoosha hilo jina nipigie hata saa saba za usiku, dau ni kreti ya soda.

Baba yako