Rangi ya sayari isiyoonekana

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, mama naye ameshapata nafuu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha ya lile swali: watu wanajuaje kuwa sayari fulani ya mbali ni ya buluu, na hakuna aliyewahi kuiona?

Ukisimama Raskazone usiku wavuvi wa dagaa wamewasha karabai, unaona taa tu. Aliyekaa kando yake humwoni. Ndivyo sayari inavyopotea kando ya nyota yake. Hata Mshtarii wetu, mtu akiutazama kutoka nyota nyingine, mwanga unaourudisha ni kama sehemu moja kwa bilioni ya mwanga wa Jua.

Basi wataalamu wakangojea sayari ijifiche. Iko moja, HD 189733 b, kama miaka-nuru 64 kutoka hapa, jitu la gesi linaloizunguka nyota yake kwa siku mbili na kitu. Inapokaribia kupita nyuma ya nyota, tunapokea mwanga wa nyota pamoja na ule uliogonga sayari ukarudi. Ikishapita nyuma, ule wa sayari unakatika. Unapima kabla, unapima imejificha, unatoa. Mwaka 2013 walifanya hesabu hiyo kwa darubini ya Hubble, rangi moja moja. Sayari ilipojificha, buluu ilipungua. Kijani hakikuonyesha kupungua. Kumbe ndiyo rangi yake! Usije ukadhani ni bahari lakini. Kule joto linapita nyuzi 1,000, na buluu ile yaelekea inatokana na chembe za silikati, madini ya jamii ya mchanga na mawe, zilizo hewani zinazotawanya mwanga, huku sodiamu ikimeza rangi nyingine.

Si zote ziko hivyo. Sayari nyingine, TrES-2b, hairudishi hata asilimia 1 ya mwanga inaoupata.

Inayonishika moyo mimi ni LTT 9779 b. Ukubwa wake unakaribia wa Neptuni, na mwaka wake ni saa 19 tu! Kwa ukaribu huo na nyota, angahewa yake ilitakiwa iwe imeshapeperuka zamani. Mwaka 2023 vipimo vya CHEOPS, darubini ya Ulaya, kwa njia ileile ya kujificha, vilionyesha inarudisha kama asilimia 80 ya mwanga. Hata Zuhura, pamoja na kung'aa kwake kote, haifiki hapo. Wanaona ina mawingu ya silikati na ya madini ya titani, na kwamba mawingu hayo huenda ndiyo yanayoikinga, kwa kuurudisha mwanga kabla haujaichemsha hewa ya chini. Umeona, shoga? Wametafuta mng'ao, wakapata na sababu ya sayari kubaki na hewa yake.

Majitu ya baridi, yaliyo mbali na nyota zao kama Mshtarii, bado ni kazi ngumu. Darubini ya Roman ya Marekani imewekewa kifaa cha kuziba mwanga wa nyota, kijaribu kuyaona yenyewe.

Niandikie kama binti yako bado ameng'ang'ania fizikia. Asiache. Nisalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi shoga yako,
Mwalimu