"Wamepatiwa ushauri nasaha", halafu ikawaje?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongelee sentensi moja ambayo naiona gazetini karibu kila likitokea janga. Iwe moto, iwe ajali ya basi, iwe mafuriko, iwe mwanafunzi amejiua, habari inaelezwa vizuri tu, idadi ya marehemu ipo, kauli ya kiongozi ipo, halafu mwisho kabisa inakuja ile sentensi, "waathirika wamepatiwa ushauri nasaha". Basi, habari imeisha. Hamna anayeuliza ni ushauri gani, ameutoa nani, umechukua muda gani, na kesho yake nani alirudi kuwaona.

Mimi ni mshauri nasaha na kazi yangu kubwa ni hao hao watu wa saa za mwanzo, mtu ambaye jana alikuwa mzima na maisha yake na leo hajui hata ashike wapi. Naomba niseme bila kuzunguka, mara nyingi hicho kinachoitwa ushauri nasaha siku ya janga ni watu kukusanywa sehemu moja, anasimama mtu anawahutubia nusu saa wajipe moyo, halafu mmoja mmoja anatakiwa asimulie alichokiona na alivyojisikia, wengine bado wana vumbi mwilini, wengine hawajajua ndugu zao wako wapi, na ikifika jioni picha zinapigwa timu inaondoka. Hicho kitu hakisaidii, na kuna watu kinawaumiza kabisa.

Na si maoni yangu tu. Huu utaratibu wa kuwakalisha watu mara moja waeleze yote una historia yake. Mwaka 1983 Mmarekani mmoja anaitwa Jeffrey Mitchell aliutengeneza kwa ajili ya vikundi vya wazimamoto na watu wa ambulansi, yaani watu wanaofanya kazi pamoja, wanajuana, wamezoea matukio. Ukatoka hapo ukasambaa mpaka kwa majeruhi, kwa wafiwa, kwa kila mtu. Halafu watafiti wakaanza kuupima. Kuna utafiti wa majeruhi wa moto 133 huko Wales, ulichapishwa mwaka 1997, nusu yao walikalishwa wakasimulia, wengine waliachwa bila hicho kikao. Baada ya miezi 13, waliosimulishwa wenye tatizo la msongo wa baada ya kiwewe, yaani tukio linaendelea kumtesa mtu akilini muda mrefu baada ya kupita, walikuwa asilimia 26, wale wengine asilimia 9. Kusema haki kabisa, kundi la kwanza lilikuwa na majeraha mabaya zaidi tangu mwanzo kwa hiyo huo utafiti peke yake usingetosha, lakini tafiti za aina hiyo zilipokuja kukusanywa zikaangaliwa kwa pamoja jibu likawa kikao cha mara moja hakizuii kitu, na Shirika la Afya Duniani leo linasema wazi watu waliotoka kwenye tukio la kutisha wasifanyiwe hivyo. Sasa sisi bado tunafanya, na tunaripoti kama mafanikio!

Watu wakisikia hivi wananiuliza, kwa hiyo tuwaache tu? Hapana, hamna aliyesema waachwe. Kuna kazi nyingi sana ya kufanya siku ile, ila haifanani na hotuba.

Chukua kijana ametoka kwenye jengo linaloungua. Amekaa chini ukutani, masizi usoni, ukimuuliza unajisikiaje hajibu, anachouliza yeye ni nani ana chaja. Anauliza mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mshauri ambaye hajaiva anaandika kwenye fomu kwamba huyu amechanganyikiwa, au anamwambia achana na simu kwanza tuongee kuhusu wewe. Kumbe simu imezima na kaka yake kule aliko ameona habari na hajui kama mdogo wake yuko hai. Mtafutie chaja. Mpe simu yako apige kama namba anaikumbuka. Akishaongea na kaka yake ndo utaona mabega yanashuka, ndo machozi yanatoka, na hapo anaweza akaanza kuongea mwenyewe bila kuvutwa, au asiongee, na asipoongea bado umemsaidia, manake umemrudishia kitu kimoja ambacho yeye mwenyewe ameweza kukifanya katika siku ambayo kila kitu kimemtoka mikononi.

Hiyo ndo huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 umeiweka kwa maneno matatu, tazama, sikiliza, unganisha. Tazama kama pana usalama, nani ameumia, nani anahitaji kitu cha haraka, nani amebaki peke yake hasa mtoto. Sikiliza, lakini usimlazimishe mtu kusema. Unganisha, mpeleke kwa ndugu, kwa taarifa za kweli, kwa mahali pa kulala, kwa daktari kama inabidi. Ukiisoma haraka unaiona rahisi. Ngumu ni ile ya katikati, kusikiliza, kwa sababu mtu akilia mbele yako mdomo unakuwasha useme kitu. Unasikia watu wanasema jikaze, usilie, wewe mshukuru Mungu umepona, kuna wenzio wamepoteza zaidi. Nina hakika wanaosema hivyo wana nia njema. Lakini aliyefiwa anachosikia ni kwamba huzuni yake inakusumbua, kwa hiyo ananyamaza, na wewe unaondoka ukidhani ametulia. Akimtaja Mungu yeye mwenyewe, kaa naye hapo hapo kwenye imani yake, usianze kumhubiria. Na usimuahidi usichokijua, usiseme mwanao atapatikana. Sema tutaulizia kwenye orodha, na saa kumi nitarudi kukwambia nilichosikia, na saa kumi ikifika urudi kweli hata kama hujasikia chochote.

Jambo la vidonge nalipitia haraka. Kuna tabia ya kumpa kila anayelia dawa ya kutuliza ili alale. Mwongozo wa shirika hilo hilo wa mwaka 2013 unasema zile dawa za kundi la diazepamu zisitolewe kwa watu wazima kwa ajili ya mshtuko au kukosa usingizi katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Anayetumia dawa zake alizoandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine aendelee nazo, na kwa kweli kumtafutia dawa zake zilizoungua au kupotelea kwenye maji ni moja ya misaada mikubwa ambayo watu huwa wanaisahau.

Sasa nirudi kwenye muda, manake hapa ndo roho inaniuma zaidi. Tarehe 28 Novemba 1942 ukumbi wa starehe mjini Boston, Marekani, Cocoanut Grove, uliungua wakafa watu 492. Daktari wa akili Erich Lindemann alikaa na walionusurika na waliofiwa, mwaka 1944 akaandika alichokiona, jinsi huzuni inavyobana kifua, inavyomnyima mtu pumzi na usingizi, inavyomfanya ajilaumu, na kwamba hiyo ni hali ya kawaida ya binadamu, siyo wazimu. Mwenzake Gerald Caplan akaiendeleza, akasema mtikisiko wa aina hii haudumu milele, kwa kawaida ndani ya wiki 4 mpaka 6 mtu anakuwa amepata namna fulani ya kusimama tena. Namna fulani, siyo lazima iwe nzuri. Mmoja anatoka hapo ana nguvu kuliko mwanzo, mwingine anatoka ameshazoea pombe, mwingine amejifungia ndani haongei na mtu. Ni kipindi ambacho msaada mdogo unaweza kumgeuza mtu upande mzuri, na msaada huo huo ukija mwaka mmoja baadae utahitaji kazi mara kumi. Ukilielewa hilo unaona kabisa tatizo liko wapi, sisi tunajaa pale siku ya 1 na ya 2, wiki ya 3 wakati waombolezaji wameshatawanyika na nyumba imekuwa kimya, hamna mtu.

Na hii inahusu pia mtu mmoja mmoja ambaye janga lake halitoki gazetini, amefukuzwa kazi, ameachwa, ana deni, amepewa majibu mabaya hospitali. Mtu wa hivi anaweza kukwambia "nimechoka tu" au "mtapumzika nikiondoka". Tafadhali msipite juu ya maneno kama hayo. Muulize. Na jambo lenyewe litaje kwa jina lake, siyo kwa mafumbo kama "huna mawazo mabaya lakini?", manake swali la hivyo linamwambia jibu unalotaka kulisikia. Sema hivi, "Ukisema umechoka, unafikiria kujiua?" Halafu nyamaza umsubiri. Watu wanaogopa kwamba ukiuliza ndo unampa wazo. Jambo hilo limechunguzwa na halijaonekana kuwa kweli, wengi huwa wanashusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna mtu amelitaja lile walilokuwa wamelibeba peke yao. Akisema ndiyo usipige kelele, usimgombeze, usimwambie ni dhambi. Muulize kama ana mpango, kama ana kitu cha kujidhuru karibu, na kwa kushirikiana naye na ndugu anayemwamini kiondolewe hapo. Kama hatari iko karibu usimwache peke yake, mpeleke hospitali au mwite wa kumpeleka. Usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie ukweli tangu mwanzo kwamba siri yake utaitunza isipokuwa pale uhai wake au wa mwingine uko hatarini.

Kisha mnaandika pamoja mpango wa usalama, karatasi moja inatosha. Dalili zipi zinamwambia hali inaanza kuwa mbaya, afanye nini mwenyewe kwanza, aende wapi au kwa nani akapumzishe akili, ampigie nani wa karibu, ampigie mtaalamu gani, na mazingira yake yawekweje salama. Aandike kwa maneno yake na mwandiko wake. Huko Marekani mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika kwenye vitengo vya dharura vya hospitali za wanajeshi wastaafu, waliopewa mpango huu na kupigiwa simu za kuwafuatilia baada ya kutoka matukio yao ya kutaka kujiua yalikuwa pungufu kwa asilimia 45 ndani ya miezi 6, ukilinganisha na waliopewa huduma ya kawaida. Simu ya kwanza ilitakiwa ipigwe ndani ya saa 72. Jamani, ni karatasi na simu! Hicho siyo kitu cha kusubiri bajeti kubwa.

Najua nitaambiwa wataalamu ni wachache. Ni kweli, ila sehemu kubwa ya hii kazi haihitaji digrii, inahitaji mafunzo mafupi, usimamizi na mtu mwenye subira. Mwaka 1953 mchungaji Chad Varah alianzisha mjini London huduma ya simu kwa watu wanaofikiria kujiua, ndo Samaritans ya leo. Alikuja kugundua kwamba wengi walikuwa wanapata nafuu kwa wale watu wa kujitolea waliokuwa wanakaa nao wakisubiri zamu ya kumuona yeye, mwaka uliofuata akawaachia hao hao kazi ya kusikiliza. Mtaalamu abaki kwa wale ambao hali haipungui, asiyelala kabisa wiki kadhaa, anayeona tukio linajirudia mbele ya macho, aliyeshindwa kujihudumia, anayesikia sauti, mama ambaye hawezi tena kumuangalia mtoto.

Sasa mhariri ombi langu kwenu. Mwandishi akiambiwa watu wamepatiwa ushauri nasaha aulize maswali mafupi: washauri wangapi wamekuja kuwaona, walilazimishwa kusimulia au la, nani amebaki na namba zao za simu, na lini atawapigia. Baada ya wiki 4 arudi tena aandike hata aya mbili. Habari ya mtu aliyejiua isielezwe alifanyaje, na chini yake wekeni namba ya kupiga mtu akitaka msaada, namba ambayo dawati lenu limeipiga kwanza likahakikisha inapokelewa, kwa sababu mtu wa hivyo akipiga ikaita mpaka ikakata anaweza asijaribu tena.

Na mkifika huko muulizeni na mshauri mwenyewe analala saa ngapi na anaongea na nani akimaliza zamu. Wapo wenzangu wanaosikiliza vifo kuanzia asubuhi mpaka usiku bila msimamizi, bila zamu ya kupokezana, halafu wanaacha kazi kimya kimya na hamna anayeandika. Taasisi inayotuma timu ya ushauri iseme na jina la anayeisimamia hiyo timu, na siku zao za kupumzika ziandikwe kwenye ratiba kabla hawajapanda gari.

Ni mimi msomaji wenu,
Mshauri nasaha