Luis Tiant hakutoroka Cuba, alifungiwa mlango akiwa nje

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nirekebishe neno moja. Katika makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu wachezaji wa besiboli wa Cuba waliokimbilia Marekani, mwandishi wenu alimtia marehemu Luis Tiant katika kundi la "watoro". Makala yenyewe niliifurahia, kwa kuwa ni nadra kurasa za michezo hapa Nairobi kutoka nje ya kandanda na riadha, na mengi yaliyoandikwa yalikuwa sahihi. Hilo la utoro, hata hivyo, si kweli. Tiant aliondoka kwao mchana kweupe akienda kazini, na kabla hajarudi mlango ukafungwa. Baba yake mzazi alikaa miaka 14 bila kumtia machoni.

Tiant alizaliwa Novemba 23, 1940, katika mtaa wa Marianao jijini Havana, mtoto wa pekee wa wazazi wake. Kufikia mwaka wa 1959 alikuwa akirusha mpira kwa malipo nchini Mexico, na msimu wa huko ukiisha alirejea nyumbani kama walivyofanya Wacuba wenzake wote waliocheza ng'ambo. Ligi ya kulipwa ya Cuba ilichezwa kwa mara ya mwisho msimu wa 1960-61. Januari 1961 Marekani ilivunja uhusiano wa kibalozi na Cuba, Aprili Wacuba wapinzani waliosaidiwa na Marekani wakaivamia nchi kupitia Ghuba ya Nguruwe, na serikali ya Fidel Castro ikaamua kwamba michezo haitakuwa tena kazi ya kumlipa mtu mshahara. Agosti mwaka huohuo Tiant alioa jijini Mexico City, na nia yake ilikuwa kumpeleka mkewe Havana akatambulishwe kwa wazee. Ni baba yake aliyemwandikia kumkataza, akimweleza kwamba akiingia hatatoka tena na kazi yake itakuwa imefika mwisho. Kijana aliyemtii babake, tena kwa jambo lililomuumiza hivyo, ataitwaje mtoro?

Mwandishi wenu aliwataja pia René Arocha, aliyeiacha timu ya taifa Miami mwaka 1991, na Orlando Hernández, ambaye baada ya kupigwa marufuku kucheza mwaka 1996 aliondoka kwa mashua mwishoni mwa 1997. Hao waliondoka kwa siri, wakijua wanachokiacha, nami siwalaumu hata chembe. Lakini safari yao ni nyingine na ya Tiant ni nyingine.

Jina la Tiant nililisikia kwa mara ya kwanza kando ya kitanda cha mama yangu. Alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya kaunti, na aliyemhudumia alikuwa daktari wa Cuba, mmoja wa wale wapatao 100 walioletwa nchini mwaka 2018. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache na Kiingereza chake cha kubabaisha, lakini aliposikia kwamba nilikuwa mwalimu wa michezo, uso ulimchanua. Alichukua chungwa moja katika yale niliyomletea mama, akalipanga katikati ya vidole viwili na kidole gumba, kisha akanigeuzia mgongo kabisa, nikawa naona kisogo chake tu na kola ya koti jeupe. Aliinua kidevu akatazama dari kama anayetafuta mahali panapovuja, akakaa hivyo kitambo, kisha akazunguka kwa ghafla na chungwa likatua taratibu mapajani mwa mama. "Tiant," akasema. Mama, ambaye hakuwa amecheka kwa wiki nzima, alicheka hadi muuguzi akaja kutazama kuna nini.

Hivyo ndivyo Tiant alivyorusha. Wasomaji ambao hawajawahi kuuona mchezo huu waikumbuke raunda iliyochezwa na wasichana katika shule zetu za msingi, na ambayo mimi niliisimamia kwa zaidi ya miaka 20. Katika besiboli mrushaji husimama juu ya kichuguu cha udongo, mita 18 na kitu kutoka kwa mpigaji, na kazi yake ni kumfanya mpigaji aukose mpira au aupige vibaya. Warushaji wengi humkazia macho wanayemrushia. Tiant alimpa kisogo, akatazama nyuma au angani, na mpira ukaja kutoka upande ambao mpigaji hakuutarajia, leo kwa kasi, kesho polepole. Mtindo huo aliuanza akiwa na timu ya Cleveland, na baadaye, bega lilipomharibikia, akauzidisha.

Mechi yake ya kwanza katika ligi kuu ilikuwa Julai 19, 1964, jijini New York, alipoinyima timu ya Yankees alama hata moja na kushinda 3-0. Mwaka 1968 alishinda mechi 21, na kwa wastani aliruhusu alama 1.60 tu kwa kila awamu tisa, yaani mechi nzima ya kawaida, kiasi ambacho hakuna mrushaji mwingine wa upande wake wa ligi (ligi kuu ina pande mbili) aliyekifikia mwaka huo. Julai 3 ya mwaka huo aliwatoa wapigaji 19 wa timu ya Minnesota kwa kukosa mpira, katika awamu 10. Kisha mambo yakamgeuka: mwaka 1969 alishindwa mara 20, akahamishiwa Minnesota, na mwaka 1970 mfupa wa bega ukapata ufa. Bega la mrushaji ni kama goti la mkimbiaji wetu wa Iten. Masika ya 1971 Minnesota walimwachilia, akiwa na umri wa miaka 30, na wengi waliona amekwisha.

Boston Red Sox walimwokota mwaka huo. Mwaka uliofuata alishinda 15, wastani wake ukiwa 1.91, tena bora kuliko wote upande wake wa ligi, na baada ya hapo akashinda 20, kisha 22. Miaka hiyo jiji la Boston lilikuwa limegawanyika vibaya kwa sababu ya amri ya mahakama ya mwaka 1974 ya kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe shuleni, na mabasi ya watoto weusi yalipigwa mawe. Katika jiji hilohilo uwanja mzima wa Fenway Park, ambao mashabiki wake karibu wote walikuwa weupe, ulisimama na kuliimba jina la mtu mweusi kutoka Cuba.

Hapa ndipo baba anapoingia, na ndipo makala yenu ilipopungukiwa zaidi. Luis Tiant mzee naye alikuwa mrushaji hodari, wa mkono wa kushoto. Alicheza Marekani katika ligi za weusi na timu ya New York Cubans, kwa kuwa ligi kuu haikuwakubali watu wa rangi yake. Mwaka 1947 Jackie Robinson, mchezaji mweusi, alipoufungua mlango wa ligi kuu, Tiant mzee alikuwa amefika miaka 40. Aliisaidia timu yake kutwaa ubingwa wa ligi za weusi mwaka huo kisha akarudi Havana. Kwa hiyo aliyemwandikia mwanawe asirudi alikuwa mtu aliyejua mrushaji mwenye kipaji anakosa nini anapofungiwa nje ya uwanja mkubwa, na alikubali kumkosa mwanawe kuliko kumwona akikosa alichokosa yeye.

Mei 1975 Seneta George McGovern wa Marekani alizuru Cuba. Mkobani alibeba barua ya Seneta Edward Brooke wa Massachusetts, akiomba wazazi wa Tiant waruhusiwe kwenda kumwona mtoto wao. Castro, ambaye mwenyewe aliupenda mchezo huo, alikubali. Agosti wazee wale walishuka kutoka kwenye ndege Boston, na mwana wao, mwanamume wa miaka 34 mwenye masharubu mazito, akalia mbele ya kamera bila kuficha. Jioni ya Agosti 26 baba alitembea hadi kwenye kichuguu cha Fenway Park, akavua koti akampa mwanawe alishike, akarusha mpira wa ufunguzi. Ulikwenda chini mno. Mzee hakuridhika, akaomba arudishiwe, akarusha tena, na huu ukafika barabara. Siku moja kabla ya kutimiza miaka 69!

Oktoba mwaka huo, wazazi wakitazama, Tiant alianzisha mechi tatu za fainali ya ligi kuu dhidi ya Cincinnati, fainali ambayo huweza kufika mechi saba. Ya kwanza aliishinda 6-0. Humohumo alipata nafasi ya kupiga, jambo ambalo kanuni za upande wake wa ligi zilikuwa zimewaondolea warushaji tangu 1973, na alipokuja mbio kufunga alama aliikanyagia mbali besi ya nyumbani, ikambidi arudi kinyumenyume kuigusa. Mechi ya nne alirusha zaidi ya mara 150 bila kupokewa na mwenzake, akashinda 5-4. Boston walilikosa kombe kwa alama moja katika mechi ya saba.

Wazazi hawakurudi Cuba. Desemba 1976 baba alifariki, na mama akamfuata baada ya siku chache. Mwana alicheza hadi 1982, akamaliza na ushindi 229 katika misimu 19. Havana aliiona tena mwaka 2007, baada ya miaka 46. Alifariki Oktoba 8, 2024, akiwa na miaka 83, bila kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli huko Cooperstown, Marekani, ingawa mrushaji mwenzake Catfish Hunter aliingizwa mwaka 1987 kwa ushindi 224. Hilo nalo naliona kuwa dhuluma, na mwandishi wenu angelisema.

Nimelishikilia neno hili, Mhariri, kwa sababu limetumika nyumbani kwetu pia. Mdogo wangu aliondoka Nairobi mwaka 2002 kwa visa ya masomo. Karo ikamshinda, karatasi zikaisha muda wake, na tangu wakati huo anajua kwamba akivuka mpaka wa Marekani hatakubaliwa kurudi kwa mke na watoto wake. Baba yetu alipofariki mwaka 2017, mazishi aliyaona kwenye simu niliyoishika mimi kando ya kaburi, mkono ukinitetemeka hata picha ikawa inaruka. Mzee mmoja akasimama kusema kwamba kijana huyu alitoroka, amepotelea majuu. Simu ilikuwa bado hewani. Mdogo wangu alisikia kila neno.

Naomba basi mchapishe marekebisho, hata ya mistari miwili, katika ukurasa uleule wa michezo, mkieleza kwamba Luis Tiant alikwenda kazini mwaka 1961 na akazuiwa kurudi kwa ushauri wa baba yake aliyempenda. Na kama mna picha ya jioni ile ya Agosti 1975, mwana akiwa ameshika koti la babake mkononi, nitawashukuru sana mkiiweka.

Mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi