Mnaandika kabila na dini kwenye faili, mbona hamsomi?

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na manesi wetu wa hapa Dar na wale wanaowafundisha. Sijaja kuwatukana, nimelala kwenye benchi la hospitali nikaona nesi mmoja anahangaika na wodi nzima mpaka alfajiri, kwa hiyo najua kazi ilivyo. Ila kuna jambo limenikaa rohoni.

Mwezi wa tatu mama mkwe wangu alikuja kutoka Maswa kumuuguza mke wangu, alikuwa amejifungua, uzazi wa kwanza. Wiki haijaisha mama mwenyewe akashikwa na homa, anatetemeka, hali chakula. Mke wangu yuko ndani ya arobaini na kichanga hawezi kutoka, basi nikambeba mimi mkwe mtu, tukachukua bajaji mpaka hospitali moja hapa mjini, sitaitaja. Mapokezi wakamuandikisha vizuri tu, jina, umri, dini, kabila, anakotoka, kwenye kabila wakaandika MSUKUMA kwa herufi kubwa. Akalazwa.

Sasa Kiswahili cha mama ni cha mnadani, anajua salamu na bei, zaidi ya hapo anaitikia tu. Nesi anauliza harakaharaka, mama ee, swali lingine ee, kila kitu ee. Nesi akanigeukia, "kaka si unajua lugha yake, hebu muulize akikojoa anaumia? Muulize kuna uchafu wowote unatoka huko chini?"

Mhariri, na mimi ni Msukuma. Mkwe na mama mkwe kwetu hata kukaa karibu tu kuna heshima zake, leo nimtamkie mama wa mke wangu mambo ya chini, mchana, pazia hakuna, kitanda cha jirani kuna wageni watano wanatuangalia? Nilishika chuma cha kitanda jasho linanitoka, nikazungukazunguka nikamuuliza kama homa imepungua. Yeye alishageukia ukutani zamani, kavuta khanga mpaka puani, akajibu hana tatizo. Nesi akaandika hana tatizo. Ndo ikawa hivyo siku mbili, dripu na panadol, homa inashuka inapanda.

Usiku wa siku ya pili akaingia zamu binti mmoja, mdogo tu. Kabla hajagusa kitu alifungua faili akasoma, halafu akaja ubavuni kwa kitanda, akakunja magoti kidogo, akasema "Mwadila mayu", salamu ya Kisukuma kwa mama. Mama aligeuka! Siku mbili hajageuka kwa mtu. Kumbe binti ni Mhaya, alifanya kazi Bariadi miaka miwili akaokota maneno, na maneno yenyewe nadhani hayafiki ishirini. Akaniomba nikae nje, akampigia mwenzake wa wodi ya watoto ambaye ni Msukuma, wakavuta shuka likawa pazia, wakaongea naye wanawake watupu. Hata nusu saa haikuisha mama kasema yote, siku ya ngapi sijui mkojo unamchoma, ubavu unauma mpaka analala upande mmoja. Asubuhi mkojo ukapimwa, dokta akasema ni maambukizi ya njia ya mkojo na yameshapanda kwenye figo, dawa zikabadilishwa siku hiyohiyo.

Nesi wa mchana hakuwa mtu mbaya, narudia, na wala hakumfokea. Alikuwa na faili lilelile mkononi. Ndo swali langu hilo, kama kabila na dini mnaviandika pale mapokezi halafu hakuna anayevisoma, vinaandikwa kwa ajili ya nani?

Mdogo wangu yuko chuo anasoma uuguzi, nilipomsimulia akasema mbona hilo wanafundishwa. Akanieleza habari za muuguzi mmoja Mmarekani, Madeleine Leininger, miaka ya 1950 alikuwa anahudumia watoto, akaona watoto wa asili tofauti wanataka kutunzwa tofauti, kula kwao, kulala kwao, hata kubembelezwa, na yeye hajui afanyeje, basi akarudi shule kusoma anthropolojia, elimu ya watu na mila zao, akaenda mpaka Papua New Guinea kuishi na watu kule ili ajifunze. Sasa nesi wa Dar hana haja ya kupanda ndege. Nchi ina makabila zaidi ya 120, sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 ndani ya mkoa huu peke yake, wote hao wanaugua na wanakuja na mambo yao mpaka kitandani.

Jirani yangu, mzee wa Kimanyema, ana sukari, alipewa vidonge vya kushusha asubuhi na jioni ikiwa imebaki siku mbili tu mfungo uanze. Hakuna aliyemuuliza mzee utafunga? Naye hakusema maana aliogopa kukatazwa. Akameza cha asubuhi wakati wa daku, akashinda na njaa, saa tisa mchana akaanguka barazani, sukari imeshuka. Qur'ani yenyewe kwenye Al-Baqara aya ya 185 inampa mgonjwa ruhusa ale alipe siku nyingine, na kwa anayesisitiza kufunga dokta anaweza kuangalia upya dawa na saa zake, lakini yote hayo yanaanza na mtu kuuliza.

Halafu kuna hirizi. Hapa pwani wazee wengi waliamini degedege ni la shetani na mtoto akichomwa sindano anakufa, na wapo wanaoamini mpaka leo. Sindano ni lazima achomwe, hapo sibishani na nesi hata kidogo, ila ukianza kwa kukata hirizi na kumwita mama yake mshamba mbele za watu, homa ijayo huyo mama atapitia kwanza kwa mganga ili asije kutukanwa, na malaria iliyopanda kichwani haingoji mtu arudi.

Ninachoomba hakihitaji bajeti ya wizara. Kila wodi ibandike karatasi ukutani, nesi gani anajua lugha gani, maana manesi wenyewe wametoka mikoa yote. Mambo ya siri msimtafsirishe mkwe, wala mtoto, wala mgeni wa kitanda cha pili. Na mkishamaliza kujaza dini na kabila ongezeni swali moja tu, "kuna jambo la kwenu au la dini yako tulijue kabla hatujaanza?" Na mapazia jamani, mapazia.

Mama alitoka salama akamaliza arobaini ya mjukuu, saivi yuko kwao Maswa. Kila akipiga simu anamuuliza mke wangu yule binti wa mwadila hajambo? Jumamosi nitapita pale wodini kupeleka salamu zake.

Msomaji wako,
Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam