Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Kale kuhusu vibali vya kuopoa vifaru

Mheshimiwa Waziri,

YAH: VIFARU NA MAGARI YA DERAYA YA VITA KUU YA PILI YALIYOZAMA AU KUFUKIWA

Barua hii ni ya waziri yeyote ambaye mezani pake kuna ombi la kuopoa kifaru. Mara nyingi ombi lenyewe ni karatasi mbili: picha ya chuma chenye kutu, jina la mwenye krini na tarehe. Tunaomba lirudishwe kwa mwombaji. Hatusemi vifaru vibaki majini milele. Tunasema kifaru kilichotulia chini ya tope kwa miaka 80 kinaweza kumalizwa na miezi michache ya nchi kavu, na ombi la namna hiyo halisemi lolote kuhusu miezi hiyo.

Kwanza mwombaji aeleze hicho ni chombo gani. "Sherman", kifaru cha Kimarekani cha vita hiyo, si jibu. Zilitengenezwa kama 49,000, za aina kadhaa zinazofanana kwa mbali. Yenye bodi yote ya chuma cha kusubu, iliyoviringana mabegani, ni M4A1. Yenye bodi ya mabamba yaliyochomelewa inaweza kuwa M4, M4A2, M4A3 au M4A4, na hapo injini ndiyo huamua: M4 ina injini ya ndege yenye silinda 9 zilizopangwa duara, M4A2 ina dizeli mbili pacha, M4A3 ina Ford ya V8, na M4A4 ina injini tano za gari zilizounganishwa kuwa moja ya silinda 30. Injini ikiwa imeshang'olewa, zipimwe nafasi kati ya seti za magurudumu. Kwenye M4A4 ni pana zaidi, kwa kuwa bodi ilirefushwa ili lile dude la silinda 30 lipate kuenea.

Namba ya chesi ya Sherman hugongwa kwenye masikio ya nyuma ya kuvutia. Isafishwe taratibu kwa brashi, kamwe si kwa mashine ya kusaga, maana haina kina. Kuna kosa ambalo hata wazoefu hulifanya: kuchukua namba iliyosubiwa kwenye chuma na kuiandika kama namba ya gari. D50878, kwa mfano, ni namba ya kipande. Inakuambia tureti, yaani kichwa kinachozunguka na kubeba mzinga, ni ya Sherman ya mzinga wa milimita 75, basi. Karakana za jeshi zilihamisha tureti kutoka bodi hii hadi ile bila kumwuliza mtu, hivyo bodi na tureti viandikwe kila kimoja kivyake.

Makovu ya risasi nayo ni maandishi. Tiger 131, kifaru cha Kijerumani kilicho katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ilikamatwa Tunisia Aprili 1943. Kwa miongo mingi ilielezwa kuwa ilitekwa tarehe 21 huko Djebel Djaffa. Utafiti wa baadaye ukahamishia tukio Gueriat el Atach, tarehe 24. Makovu yake hayakuzibwa, kwa hiyo simulizi za vita bado zinaweza kulinganishwa na chuma chenyewe. Fundi anayejaza matundu na kupaka rangi mpya ili kifaru kipendeze anafuta ushahidi huo. Kusafisha chuma kwa kupuliza mchanga ni kubaya zaidi, kwa sababu namba na alama za kikosi hukaa kwenye tabaka za chini za rangi. Hizo hufunuliwa kwa kisu kidogo, tabaka moja moja, na kila tabaka hupigwa picha.

Hakuna waya unaofungwa kabla wategua mabomu hawajaingia. Mzinga unaweza kuwa bado umepakiwa, na makombora yaliyomo ndani yanaweza kuwa yameliwa na kutu kiasi cha kutostahimili mtikisiko. Geji za zamani zilipakwa rangi ya radiamu yenye mionzi hatari, ambayo nusu ya nguvu zake huchukua miaka 1,600 kupungua, basi kioo kilichopasuka kisiguswe kwa mkono mtupu. Breki zina asbesto. Ukionekana mfupa wa binadamu, kazi isimame papo hapo na wenye mamlaka ya kufukua waitwe. Tope lote la ndani lichekechwe, kwani vibati vya utambulisho vya askari huwa humo.

Sasa hesabu ya kuvuta, ambayo kwenye maombi mengi haipo kabisa. Kanuni ya wavutaji wa kijeshi ni hii: gari lililozama hadi usawa wa magurudumu hukataa kwa nguvu sawa na uzito wake, hadi usawa wa madigadi, mara mbili, hadi tureti, mara tatu. Sherman ya tani 30 iliyozama hadi tureti ni mzigo wa tani 90. Kwa kapi zenye roda nne, mtu hugawa 90 kwa 4, akapata tani 22.5, akaleta winchi ya tani 25 akijiona mjanja. Kasahau msuguano, unaoongeza asilimia 10 ya mzigo kwa kila roda. Tani 90 zinakuwa 126, na winchi inatakiwa ivute tani 31.5. Ile ya 25 itakwama, au waya utakatika. Waya wa winchi ukikatika hufyeka kila kilicho njiani, kwa hiyo watu wakae mbali kwa umbali usiopungua urefu wa waya uliotolewa.

Mnyonyo wa tope hupunguzwa kwa maji ya shinikizo chini ya bodi na kwa kuvuta polepole. Waya ufungwe kwenye bodi, usifungwe kwenye mzinga wala tureti. Tureti inaweza kuchomoka, hasa kifaru kikilala upande.

Mwaka 2000, mwezi Septemba, T-34, kifaru cha Kisovieti, yenye alama za Kijerumani ilivutwa kwa buldoza kutoka ziwa Kurtna Matasjärv nchini Estonia. Ilikuwa imekaa chini miaka 56 na kutu ilikuwa kidogo, maana mboji ya ziwa hilo ilinyima chuma oksijeni. Picha zake zimewapa waombaji wengi matumaini ya bure. Bahari si ziwa la mboji. Chuma cha baharini kimejaa chumvi, na kikikauka chumvi hiyo hupasua uso wake vipande vipande.

Chombo cha baharini kinapaswa kubaki kimelowa tangu kinapotoka hadi kinapoingia kwenye beseni la dawa, ambako umeme hafifu hutumika kutoa kloraidi, sehemu ya chumvi inayokula chuma, kwa miezi na mara nyingi miaka. Dawa ya kawaida ni sodiamu haidroksaidi, na hapa wengi huharibu: inakula alumini. Injini ya dizeli ya T-34, iitwayo V-2, ina bodi ya alumini. Ikitumbukizwa pamoja na bamba za chuma, itakayotoka si injini. Ifunguliwe kwanza, na kila metali itibiwe kivyake.

Mkataba wa UNESCO wa 2001 kuhusu urithi wa kitamaduni ulio chini ya maji hulinda vilivyokaa majini angalau miaka 100. Kifaru kilichozama 1942 hakitafika hapo hadi 2042, kwa hiyo hadi wakati huo ulinzi wake ni saini yako. Mwombaji alete pia barua ya taifa lililokuwa na chombo hicho, kwani umiliki hauishi kwa kuzama.

Asiyeweza kuonyesha beseni, gharama zake na mafundi wake, aruhusiwe kupima na kupiga picha tu. Kwa chombo cha baharini afunge vipande vya zinki kwenye bodi ili zinki iliwe badala ya chuma, na arudi kuvikagua vinapopungua. Vipimo vya mahali kilipo vibaki ofisini kwako. Vikichapishwa, wa kwanza kufika atakuwa mnunuzi wa chuma chakavu na mtungi wake wa gesi.

Wako katika kazi,
Mafundi na watafiti wa magari ya kivita ya zamani