Kutu ikigeuzwa pambo

Mhariri, kuna hizi picha za mabaki ya ajali na majanga zinazopigwa karibu sana mpaka hujui unaangalia nini, mimi binafsi zinanipa shida kidogo. Juzi nimekaa na moja kama dakika kumi hivi, rangi ya chungwa, mstari wa bluu katikati, vidoa vyeupe pembeni, nikasema bahari hiyo jua linazama, kumbe ni mlango wa basi lililoungua! Bluu ni rangi iliyobaki, chungwa ni kutu, maana chuma kikishababuka rangi kikakutana na unyevu hakichelewi.

Sasa sisemi watu waache kupiga, hapana. Yule mpiga picha Mmarekani, Joel Meyerowitz, alikaa miezi kwenye kifusi cha yale majengo pacha New York baada ya Septemba 11, 2001, akapiga picha kibao, nyingine nzuri mpaka unajisikia vibaya kuzipenda, ila pale bado unaona watu, unaona mashine, unajua ukubwa wa kitu. Hizi nyingine mpiga picha anakata kila kitu kwenye fremu, inabaki rangi tu na mikwaruzo, halafu chini wanaandika "Bila Jina". Bila jina kivipi wakati humo ndani kulikuwa na abiria?

Nachoomba ni kidogo, mkizichapa wekeni maelezo: kitu gani, wapi, lini. Mstari mmoja unatosha, na usiwe wa herufi za sisimizi.

Msomaji wenu